Shamba Lisilo na Mpaka

Wiki iliyopita nilikuwa nikipaka viatu vyangu rangi, nikijiandaa kwenda kuwa mgeni wa heshima katika shule moja hapa Tetu, na nilipofungua kile kikopo cha rangi nyeusi harufu ikanipanda puani nikaketi. Viatu vyenyewe nilivinunua Ujerumani, ngozi halisi, na nimevivaa miaka tisa bila kubadilisha soli. Sijisifu, nasema yaliyo kweli. Lakini harufu ile haikunipeleka Ujerumani. Ilinipeleka kwenye jiko la nyanya yangu, kule Giakanja, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimeshika barua ya mtu mwingine mkononi, nikidanganya.

Wasomaji wangu wengi mnanijua. Kwa asiyenijua, mimi ni Wamuyu, mwenye ile nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu ukishapita soko, na mwenye stashahada ya lugha na fasihi iliyotundikwa sebuleni mahali ambapo hakuna mgeni awezaye kuikwepa. Wenzangu wa hapa walipanda ndege kwa sababu ya mbio au udaktari. Mimi nilipanda kwa Kiswahili, tena bila mjomba ofisini wala mchango wa harambee. Nilifundisha Wajerumani kusema shikamoo kwa miaka kumi na minne, kisha nikarudi nyumbani na kujenga. Watu huniuliza nilijifunzia wapi lugha tamu namna hii. Huwa nawatajia vyuo, maana ndivyo wanavyotaka kusikia. Leo nitawaambia ukweli, sisi kwa sisi: nilijifunzia kwenye mapenzi ya shangazi yangu.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliitwa Nyaguthii. Mimi nilimwita Tata, kama tunavyowaita shangazi sisi Wakikuyu. Baba alikuwa Nakuru akifanya kazi ya reli, mama alishinda kwenye majani chai, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Tata. Alikuwa na mikono mirefu na kicheko cha kushtua kuku. Alifika darasa la pili tu, akatolewa shuleni kusaidia nyumbani, na tangu hapo maandishi yakawa kwake kama nyayo za ndege kwenye tope: aliona kwamba kuna aliyepita, lakini hakujua alikokuwa akienda.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Siku za soko polisi walitumwa kutoka Nyeri mjini kuja kuangalia watu wasigombane, na mmoja wao alikuwa Konstebo Wafula, Mbukusu wa Bungoma, mrefu, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa hata siku za tope. Wafula alinunua viazi kwa Tata kila soko, debe zima. Askari anayeishi peke yake hawezi kumaliza debe la viazi kwa wiki, na akina mama wa sokoni walilijua hilo muda mrefu kabla Tata hajalijua.

"Nyaguthii," walimwambia, "huyu polisi wako, ama amefungua hoteli, ama amefungwa macho."

Halafu Wafula akahamishwa. Walimpeleka Mwea, kule kwenye mchele, na hapo ndipo barua zilipoanza.

Zilikuja kupitia sanduku la posta la shule yetu. Mwalimu mkuu aliita majina gwarideni, nami nilienda mbele kuchukua, kifua mbele, kwa sababu juu ya bahasha palikuwa pameandikwa jina langu, na chini yake, kwa herufi ndogo, "mpe shangazi". Barua zote zilinuka rangi ya viatu. Nadhani aliziandikia mezani pale pale alipong'arishia viatu vyake vya kazi.

Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Yeye hakujua Kikuyu, Tata hakujua Kibukusu, na Kiswahili cha Tata kilikuwa cha sokoni: bei, uzito na matusi mawili. Katika boma letu aliyeweza kusoma Kiswahili cha kwenye karatasi alikuwa mmoja tu. Mnaweza kukisia ni nani.

Barua ya kwanza niliisoma kama ilivyo. Tata alikuwa akimenya viazi. Nikasimama karibu na mlango penye mwanga, nikakohoa kidogo kama mhubiri, nikasoma: "Kwako Nyaguthii. Mimi ni mzima, sijui wewe. Hapa mbu ni wengi kwa sababu ya maji. Mchele unaota ndani ya maji. Nimenunua neti. Mwenye duka alikuwa na ya mtu mmoja na ya watu wawili. Nimechukua ya watu wawili. Ni mimi, Wafula."

Tata alingoja.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Tata."

"Mbu?"

"Na mchele."

Alirudi kwenye viazi vyake. Alimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama jicho la mbuzi. Niliumia. Nilikuwa nimemwona siku tatu nzima akitazama njia ya shule.

Sasa, wakati huo huo tulikuwa tumepata mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Mwadime, Mtaita mwembamba mwenye miwani, aliyekaa muda mrefu pwani na kurudi na mashairi kichwani kama mtu aliyerudi na malaria. Yalimpanda bila taarifa. Tukiwa tunafanya ufahamu kuhusu ng'ombe, mara anafunga macho na kuanza kughani habari za mpenzi anayefananishwa na lulu, na asumini, na mwezi juu ya maji. Alitufundisha kwamba mshairi hasemi kitu kilivyo, anatafuta kingine kinachofanana nacho na kumpa msikilizaji hicho. "Ukimwambia mtu unampenda, amesikia," alisema. "Ukimfananisha na kitu, ameona." Wenzangu waliandika na kusahau. Mimi, ambaye tangu utotoni nilikuwa na kichwa chepesi, niliondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa panga jipya, natafuta cha kukata.

Barua ya pili ilipokuja nilikata. Wafula alikuwa ameandika kwamba amefunga gunia lililojaa sufi kwenye karia ya baiskeli, maana barabara za huko ni mbaya kwa anayebebwa. Nikaona hiyo si habari ya kumpelekea mwanamke. Nikairuka, nikasoma kutoka kichwani mwangu: "Nyaguthii, wewe ni lulu yangu."

"Lulu ni nini?" Tata akauliza.

"Ni kitu cha thamani kinachotoka baharini, ndani ya chaza."

"Chaza ni nini?"

Nilifikiri. Mimi mwenyewe bahari sikuwa nimeiona. "Ni kama konokono, Tata, ila wa majini."

Kisu kikasimama. "Wafula ananiita konokono?"

"Hapana! Kilicho ndani ya konokono."

"Wamuyu, mimi najua kilicho ndani ya konokono."

Hapo nilipata somo ambalo baadaye nililisikia chuoni likielezwa kwa muhula mzima na profesa aliyelipwa vizuri: mfano unaotoka mbali humpita msikilizaji kama ndege juu ya paa. Niliachana na bahari. Nikaanza kuokota mifano pale pale tulipokuwa. Barua iliyofuata Wafula alimwambia Tata kwamba akimkumbuka, moyo wake hufunguka kama Mlima Kirinyaga ukivua mawingu asubuhi. Iliyofuata, sauti yake ilikuwa mvua ya kwanza juu ya mabati baada ya kiangazi. Nyingine, macho yake yalikuwa kahawa iliyoiva, nyekundu, inayomfanya mchumaji asahau kikapu. Nilisita kidogo kwenye wekundu wa macho, lakini Tata hakujali. Aliacha kumenya. Alikaa na kisu mapajani akinitazama mdomo, na jioni hiyo alioga, akajipaka mafuta, ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Majibu pia niliyaandika mimi. Tata aliniambia, "Mwambie nimesikia, na viazi vimepanda bei." Nami nikaandika ukurasa mzima wa kumshukuru kwa mvua na mlima na kahawa. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nampendea shangazi yangu upande huu na kumpendea Wafula upande ule, na naweza kusema bila haya kwamba pande zote mbili nilizifanyia kazi nzuri.

Tatizo lilikuwa Guka.

Guka, babu yangu, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa ardhi. Mashamba yetu yalikuwa yamepimwa, na kila mzee alikuwa na hati yake ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Guka alitoa yake kila Jumapili baada ya ibada, akaishika kwenye mwanga, akaitazama, akairudisha. Hakujua kusoma. Aliitazama tu. Aliposikia kuna polisi kutoka Magharibi anayemtaka binti yake, hakuuliza kabila wala dini. Aliuliza, "Analima wapi?" Na alipoambiwa anakaa laini, kwenye nyumba za serikali, alisema basi habari hiyo iishe. Binti yake hataenda kukaa mahali ambapo akitaka kupanda kitunguu aombe ruhusa kwa bosi wa mumewe. Tata hakubishana naye, maana Guka hakubishaniwa. Lakini aliacha kucheka, na kuku wakapumzika wiki nzima.

Ndipo ikaja barua ya kuomba kufika nyumbani. Safari hii Guka alitaka isomwe mbele yake. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, pembeni yake ndugu yake Karuga, aliyekuwa mpishi wa mzungu kule Naro Moru na hivyo kujihesabu bingwa wa Kiswahili. Tata alisimama mlangoni. Nikafungua bahasha, nikapitisha macho kwanza kama kawaida yangu. Wafula alikuwa ameandika hivi: "Nitakuja Jumamosi ya pili na Sajini Musyoka. Mwambie mzee mapema asije akasema nilimficha. Mimi sina shamba. Kuna kipande cha baba na tuko ndugu sita."

Mngefanyaje? Nilimtazama Tata pale mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono mmoja. Sentensi ile ingetoka mdomoni mwangu na yeye angebaki sokoni na viazi vyake mpaka azeeke. Na mimi nilikuwa na panga langu. Nikasoma: "Moyo wangu ni shamba lisilo na mpaka. Mto unapita katikati yake, wala haukauki. Lote nimelitenga kwa ajili ya Nyaguthii."

Nilisema "moyo". Niliusema kwa Kiswahili, na nilipomfasiria Guka kwa Kikuyu niliusema tena. Lakini neno shamba lilipotua katikati ya wazee wale wawili, hakuna aliyeusikia moyo tena.

Guka alinyanyua kichwa. "Mto haukauki? Hata Februari?"

Ningeweza kuokoa mambo hapo. Lakini nilikuwa msanii, na msikilizaji alikuwa ameniuliza swali. "Haukauki, Guka. Hata Februari."

"Na hakuna mpaka?"

"Hakuna."

Karuga alitikisa kichwa kwa ujuzi. "Basi halijapimwa bado. Huko kwao kuna sehemu hawajapima. Lazima alipime haraka kabla majirani hawajahamisha miti ya mpakani."

"Mwambie aje," Guka akasema. Na kutoka mlangoni nilisikia, baada ya wiki nzima, kile kicheko.

Nilikuwa na wiki mbili za kuungama na sikuzitumia. Nilijiambia kwamba watasahau. Wazee wa Nyeri, kusahau shamba!

Jumamosi hiyo Wafula alifika na basi la asubuhi, amevaa suti ya kaki, pamoja na Sajini Musyoka, Mkamba mnene mwenye mzaha, aliyekuja kuwa msemaji wake. Walileta sukari, majani ya chai na blanketi la Guka. Nyanya alikuwa ameandaa uji wa wimbi uliochacha, ndani ya kibuyu kimoja kikubwa, ukawekwa mbele ya wazee. Kwetu uji huo hauonjwi ovyo. Baba humwita binti yake mbele ya wote na kumuuliza kama waunywe. Binti akinywa kwanza, baba hunywa, na maneno yanaendelea. Asipokunywa, wageni hupewa chai na kuonyeshwa barabara. Mimi niliwekwa katikati, kwenye mkeka, nifasirie, na nilikuwa nimevaa sare yangu ya shule iliyopigwa pasi kwa heshima ya kazi hiyo.

Salamu zilikwisha, maombi yakaombwa. Guka akamgusa Karuga goti, na Karuga akakohoa.

"Sasa kijana," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "hebu tuambie maneno ya ile shamba."

Wafula akatabasamu kwa adabu. "Shamba gani, mzee?"

"Ile iko na mto katikati."

Sajini Musyoka akamgeukia mwenzake taratibu. "Wafula. Uko na shamba na mto, na kila wiki unakuja kwangu kuomba sukari?"

Watu wakacheka, Wafula hakucheka. "Wazee wangu, samahani. Mimi sina shamba. Niliandika kwa barua kwamba sina."

"Ati?" Karuga akasimama. "Mimi nilisikia kwa masikio yangu! Haina mpaka! Maji hata Februari!"

Nilimfasiria Guka kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Guka hakupaza sauti. Alichukua sahani, akafunika kibuyu cha uji. Hilo tu. Mlangoni Tata aliuona mkono ule ukifunika, akageuza uso.

"Ileteni hiyo barua," Guka akasema. "Isomwe tena."

Ikaletwa. Ikapewa nani? Nikaipokea. Niwaambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kusoma tena lile shamba. Nani angenipinga? Wafula angesema sivyo, na angeonekana mwongo maradufu. Mimi ningebaki Wamuyu mwenye kichwa chepesi. Nilimtazama yule mtu. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso umemwiva kwa aibu ambayo haikuwa yake, na bado alinitikisia kichwa kidogo, kunitia moyo, kwa sababu aliona mtoto amekwama mbele ya wazee. "Soma tu, mama," akaniambia. "Usiogope."

Nikasoma. Mimi sina shamba. Kuna kipande cha baba na tuko ndugu sita. Nikafasiri. Kisha nikasema kwa Kikuyu, nikitazama mkeka, kwamba maneno ya mto yalikuwa yangu, na mlima, na mvua, na kahawa. Yote.

Nyuma ya nyumba mbuzi alisikika akitafuna. Wa kwanza kusema alikuwa Wafula, taratibu, kama mtu anayepata jibu la fumbo la siku nyingi.

"Kumbe! Maana mimi nilishangaa. Naandika habari ya neti, najibiwa asante kwa mvua. Nikamuuliza Sajini."

"Nami nikamwambia hao watu wa mlima ndivyo walivyo," Musyoka akasema. "Jibu tu."

Nilitarajia fimbo. Badala yake Tata aliingia, amebeba mkebe wake wa barua, akauweka mapajani mwangu. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Zisome zote," akasema. "Kama alivyoziandika. Ukiongeza hata chumvi nitajua."

Nikazisoma, moja baada ya nyingine, Kiswahili kisha Kikuyu. Neti ya watu wawili. Gunia la sufi kwenye karia. Ile ya Wafula kujifunza kupika irio, viazi vya kuponda vya kwetu, kwa mke wa mwenzake, na kushindwa, na kujaribu tena Jumapili. Ile inayosema kwamba mvua ikinyesha husimama upande wa laini unaotazama mlima, kisha huingia ndani. Nyingine sikuwa nimewahi hata kuimaliza, kwa jinsi nilivyoiona haina ladha: "Nimeomba bosi kipande nyuma ya laini, hatua ishirini. Viazi vilioza kwa maji. Nimeng'oa nikapanda nduma, hizo hupenda maji. Bosi anasema nikihamishwa nitaziacha. Nimepanda tu. Nyaguthii akija asikose cha kulima."

"Rudia hapo," Guka akasema.

Nikarudia.

"Anajua ataziacha?"

"Anajua, Guka."

"Na nduma huchukua miezi mingapi?"

Nilimuuliza Wafula. Alijibu kwamba hazijakomaa bado, na kwamba asubuhi ile kabla ya kupanda basi alikuwa ameondoa magugu. Guka aliitazama mikono ya Wafula pale magotini kwa muda, kama alivyotazama hati yake Jumapili. Halafu akaondoa sahani juu ya kibuyu.

"Nyaguthii. Uji huu, tunywe au tusinywe?"

Tata alipiga magoti, akakishika kibuyu kwa mikono miwili. Alimtazama Wafula juu ya ukingo. Na yule mtu ambaye katika barua nyingi hakuwahi kutumia neno moja la kupendeza, alisema kitu cha pekee alichosema kwa hiari yake siku hiyo. Alisema, "Ni moto, polepole." Haukuwa moto hata kidogo, uji ule uliochacha hunywewa baridi. Tata alicheka mpaka nusu ukamwagika, kuku wakakimbia, kisha akanywa, tena kwa pupa, wala hakufuta mdomo kabla ya kumpa Guka.

Karuga alinionyesha kidole. "Na huyu msichana aandikwe kazi serikalini," akasema. "Ameuza shamba ambalo halipo, mimi mwenyewe nikaanza kulipimia mpaka!" Adhabu yangu ilikuwa kufua blanketi zote za boma, nami nilizifua nikiimba.

Tata alienda Mwea kwa baiskeli kutoka kituo cha basi, na alinipasha habari kwamba sufi ile ilikuwa laini kweli. Baadaye, kwa jasho lao, walipata kipande karibu na Kutus, na leo watoto wao wana watoto. Na mimi nikapanda, darasa baada ya darasa, mpaka ng'ambo, mpaka stashahada. Nilikuwa wa kwanza katika kundi letu, mnaweza kuuliza. Chuoni mhadhiri wetu hakuturuhusu kugusa mfano wowote katika shairi la mapenzi kabla hatujajibu maswali mawili: nani anasema, na anamwambia nani. Nilidhani maswali hayo ni ya watoto. Msemaji ni mpenzi, anamwambia mpenzi. Nikaandika hivyo, nikapewa alama zote.

Niliporudi nchini kwa likizo nilienda Kutus kumwonyesha Tata cheti changu. Alikitazama, akakisifu, akanipa chai. Ndipo nikamuuliza lile lililonikaa siku zote: kama alinikasirikia sana siku ile.

"Kwa nini nikukasirikie? Mimi nilijua zamani."

"Ulijua nini, Tata?"

"Wamuyu, karatasi ilikuwa na mistari saba. Wewe unasoma mpaka githeri inashika chini ya sufuria. Ulifikiri kwa sababu sijui kusoma, pia sijui kuona? Ile ya shamba tu ndiyo ilinipita, kwa sababu niliitaka iwe kweli."

"Sasa kwa nini hukuninyamazisha?"

Aliinua mabega. "Nilitaka kusikia kesho utasema nini."

Nilikaa na kikombe changu, mwenye stashahada, nikagundua kwamba lile swali la mhadhiri nililijibu vibaya na nikapewa alama. Miezi ile yote nilidhani namfanyia kazi Wafula. Kumbe Wafula hakuhitaji msaada wangu. Alikuwa na maneno yake, na yalimtosha yeye na yakamtosha aliyeandikiwa. Yale mengine yalisemwa na mtoto aliyejua kwamba punde si punde aliyemlea ataondoka nyumbani na kumwacha, na ambaye hakuwa na njia ya kumwambia hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Niliazima mdomo wa polisi. Tata aliketi, kisu mapajani, githeri ikiungua, akayasikiliza mpaka mwisho. Barua zangu zilifika.